MAPOKEZI KATIKA VITUO VYA TIBA YA WANYAMA: WAJIBU WA KARANI NA HAKI YA MFUGAJI

UTANGULIZI

Tiba ya mnyama huanzia kwenye meza ya mapokezi. Mfugaji anapofika katika kituo cha tiba ya wanyama, iwe ni hospitali ya mjini au kituo kidogo cha shamba, mtu wa mwanzo kumkabili huwa ni karani wa mapokezi, au msaidizi wa mifugo anayeishika nafasi hiyo pamoja na kazi zake nyengine. Karani huyo hapimi, hachomi sindano wala haandiki dawa. Hata hivyo, yeye ndiye anayeamua nani aonwe mwanzo, daktari apelekewe taarifa gani, na mfugaji arudi kwake akiwa ameelewa nini. Mambo matatu hayo yakiharibika, ujuzi wa daktari aliye chumba cha ndani hupungua manufaa yake.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika kazi ya mifugo kwa sababu mgonjwa hasemi. Mtu mzima akienda hospitali hujieleza mwenyewe panapomuuma na tangu lini. Ng'ombe, mbuzi, punda, kuku au paka hana wa kumsemea ila yule aliyemleta. Kwa hivyo habari zote za ugonjwa hupitia katika kinywa cha mtu, na mtu huyo hukifungua au hukifunga kinywa chake kwa kadiri alivyopokewa.

Visiwani haja ya mapokezi mazuri imezidi kadiri ufugaji ulivyobadilika. Kisiwa cha Unguja kiliwahi kuwa na mbung'o, waenezao ugonjwa wa ndorobo kwa ng'ombe. Kazi ya kuwamaliza ilifanywa kwa kuwamiminia ng'ombe mgongoni dawa ya kuua wadudu na, kuanzia mwaka 1994, kwa kuwaachia kutoka kwenye ndege mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi wa Septemba, 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Baada ya hapo kizuizi kimoja kikubwa cha kufuga ng'ombe chotara wa maziwa kiliondoka. Ng'ombe hao hutoa maziwa mengi kuliko wa asili, lakini huhimili kidogo maradhi, hasa yale yanayoenezwa na kupe. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa aina hiyo huwa ameweka hapo akiba yake yote: ada za skuli za watoto, matengenezo ya nyumba na matumizi ya kila siku. Mtu wa namna hiyo anapofika kituoni huwa na hofu, na hofu hiyo ni sehemu ya kazi ya karani.

KUMPOKEA MTU KABLA YA MNYAMA

Sharti la kwanza ni salamu. Mfugaji aliyetoka mbali alfajiri, akamwacha mnyama wake amelala bandani, hatakiwi kuanza kwa kuulizwa kadi yake iko wapi. Huamkiwa, hukaribishwa kiti na huulizwa jina lake, kisha shughuli ikafuata. Mzee aitwe mzee na bi mkubwa apewe heshima yake. Kijana aliyetumwa na wazazi wake asidharauliwe kwa udogo, kwani mara nyingi yeye ndiye anayekata majani, ndiye anayekamua, na ndiye aliyeuona ugonjwa ulipoanza.

Sharti la pili ni kutocheka wala kukaripia. Wapo wanaosema kuwa mnyama amepigwa jicho. Wapo waliokwishamnywesha dawa za miti shamba, au waliomchoma sindano iliyonunuliwa dukani bila ya ushauri. Mtu akichekwa au akikaripiwa hukana, na akikana daktari hukosa habari anayoihitaji kuliko zote, nayo ni kujua mnyama amekwishapewa kitu gani. Karani aandike alichoambiwa, bila ya kukunja uso. Nasaha atazitoa daktari kwa wakati wake.

Hali kadhalika, wenye mbwa na paka wana haki sawa na wenye ng'ombe. Katika jamii ambayo watu wengi hujiepusha na mate ya mbwa, mwenye mbwa huweza kuhisi kuwa hatakiwi kituoni, akaacha kumleta kwa chanjo. Hasara ya jambo hilo haimpati yeye peke yake, humpata na jirani yake, kama itakavyoelezwa mbele.

Sharti la tatu ni kusikiliza hadi mwisho. Mfano ufuatao unaonesha faida yake:

Mfugaji: Assalaam alaykum, mwanangu.

Karani: Waalaykum salaam. Shikamoo, mzee.

Mfugaji: Marahaba. Ng'ombe wangu tangu jana hataki kula.

Karani: Pole sana, mzee. Karibu kiti. Ameacha kabisa, au anakula kidogo?

Mfugaji: Jana asubuhi alikula kidogo, jioni akaacha kabisa.

Karani: Na maziwa ya leo asubuhi?

Mfugaji: Kikombe tu. Siku zote hutoa lita saba.

Karani: Lipo jengine lolote uliloliona, mzee?

Mfugaji: (Baada ya kufikiri) Hapa chini ya sikio pamevimba. Na pumzi anavuta kwa shida.

Lau karani angeandika "ng'ombe hali" na kumwita mwengine, uvimbe wa chini ya sikio usingetajwa. Kuvimba kwa tezi hizo, pamoja na homa kali na pumzi ya shida, ni miongoni mwa dalili za ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na unaoua ng'ombe wa maziwa kwa siku chache. Dawa yake ipo, lakini humfaa zaidi mnyama aliyewahiwa mapema. Maji yakishajaa mapafuni matumaini huwa madogo. Swali la mwisho la karani halikuchukua hata nusu dakika, nalo ndilo lililomwezesha daktari kuchukua dawa inayostahiki kabla ya kuondoka kituoni.

MASWALI YA KUULIZWA

Kila kituo kinashauriwa kuwa na orodha ya maswali iliyobandikwa mezani, ili karani asitegemee kumbukumbu wakati watu wamemzonga. Maswali ya lazima ni haya:

(a) Nani mwenye mnyama, na nani aliyemleta? Mara nyingi mchungaji huwa amekabidhiwa mnyama amfugie mwenyewe aliyeko mjini. Gharama za tiba huamuliwa na mwenyewe, kwa hivyo namba yake ya simu ichukuliwe tangu mwanzo.

(b) Anakaa shehia gani, na njia ya kufika ni ipi? Gari la daktari likipotea njia usiku, saa moja hupotea pamoja nalo.

(c) Mnyama ni wa aina gani, jinsia gani, ana umri gani, na ana mimba au ananyonyesha?

(d) Ni nini kilichoonekana, na tangu lini? Yaandikwe maneno ya mfugaji mwenyewe. Karani asiyageuze kuwa jina la ugonjwa, kwa sababu jina likikosewa humpotosha anayefuata.

(e) Wapo wanyama wengine waliougua au kufa, hapo nyumbani au kwa jirani?

(f) Amepewa dawa gani, lini na na nani?

(g) Amechanjwa nini, na lini?

(h) Amemng'ata au kumparura mtu yeyote, na yeye je, amewahi kung'atwa?

(i) Je, maziwa yake yanatumika au kuuzwa, au anatarajiwa kuchinjwa hivi karibuni?

YUPI AONWE MWANZO

Desturi ya kuhudumia watu kwa zamu ya kufika ni nzuri, kwani huondoa upendeleo. Lakini yapo maradhi yasiyosubiri zamu, na karani anatakiwa ayajue ili amjulishe daktari papo hapo. Miongoni mwa hayo ni mnyama aliyevimba tumbo upande wa kushoto na kushindwa kupumua, ambaye huweza kufa kwa muda mfupi sana, ng'ombe au mbuzi aliyeshindwa kuzaa ilhali chupa imekwishapasuka, ng'ombe aliyezaa siku hizi mbili tatu, akaanguka na kushindwa kuinuka, mnyama anayetoka damu nyingi, aliyekula sumu, punda anayejigaragaza kwa maumivu ya tumbo, na mnyama yeyote aliyebadilika tabia ghafla akawa mkali au akapooza.

Wengine waliotangulia kufika waelezwe sababu. Watu hawachukii kusubiri kama wanavyochukia kupitwa bila ya maelezo. Neno moja, "Tuwieni radhi, huyu ana mzazi aliyekwama," hutosha kuondoa manung'uniko yote, na mara nyingi hao hao waliopitwa ndio wanaosaidia kumshusha mnyama garini.

SWALI LA KUNG'ATWA

Katika maswali yote yaliyotajwa, swali (h) ndilo linaloweza kuokoa roho ya binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kiasi cha watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba takriban wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishadhihiri kwa mtu, ugonjwa huu takriban hauna tiba. Kabla ya dalili, chanjo na kuosha jeraha humkinga. Baina ya kung'atwa na kuanza kwa dalili mara nyingi hupita miezi kati ya mmoja na mitatu, na muda huo ndio nafasi ya kuokoa maisha. Ni nafasi inayopotea pale ambapo mbwa analetwa kituoni, anatibiwa au anakufa, na hakuna aliyeuliza kama amemng'ata mtoto.

Karani ajue pia kuwa kichaa cha mbwa hakiji siku zote kwa sura ya mbwa anayekimbiza watu. Mbwa huweza kuwa mpole, akajificha gizani, taya likalegea na mate yakamtoka kwa kushindwa kumeza. Mwenyewe huja akasema, "Amekwamwa na mfupa." Ng'ombe naye akipatwa huweza kutoka mate na kulia kwa sauti isiyo ya kawaida, watu wakadhani amesakamwa na chakula. Kwa hivyo, mnyama yeyote anayesemwa kuwa amekwamwa na kitu kooni asifunguliwe kinywa kwa mikono mitupu, wala asiingizwe katika ukumbi wa kusubiria. Abakie ndani ya gari au afungwe mbali na watu, na daktari aarifiwe mara moja.

Ikiwa jibu ni kwamba mtu ameng'atwa, hata kwa jeraha dogo, karani atekeleze yafuatayo bila ya kusubiri:

(a) Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Ikiwa majeruhi hayupo, apigiwe simu aanze kuosha huko huko aliko. Kujitoharisha kwa mujibu wa dini kuna mahala pake na hakukatazwi, lakini hakuchukui nafasi ya kuosha huku, na udongo usitiwe ndani ya jeraha.

(b) Majeruhi aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

(c) Mbwa mwenye mwenyewe na anayeonekana mzima afungwe na achunguzwe kwa siku 10. Akiugua au akifa kabla ya hapo, kituo na hospitali zijulishwe. Asizikwe kabla ya daktari kuarifiwa, kwa sababu ubongo wake huhitajiwa kwa uchunguzi.

(d) Jina la majeruhi, shehia yake, siku na saa ya kung'atwa viandikwe daftarini, na karani ahakikishe kesho yake kuwa majeruhi amefika hospitali.

Wafanyakazi wa vituo wenyewe, akiwemo karani, hukabiliana na hatari hii kila siku. Ni vyema wapatiwe chanjo ya kujikinga kabla ya kudhurika.

SIMU NA SAA YA JOTO

Siku hizi wafugaji wengi hawaji kituoni, hupiga simu. Mazungumzo ya simu yanataka uangalifu zaidi kwa kuwa wasemaji hawaonani. Karani ataje jina la kituo na lake mwenyewe, aandike huku akisikiliza, kisha amsomee mfugaji yale aliyoyaandika ili ayathibitishe. Asikate simu kabla ya kumwambia nani atakuja na takriban saa ngapi. Ikiwa daktari amekwama kwengine, mfugaji apigiwe tena. Picha ya mnyama au ya kinyesi iliyotumwa kwa simu humsaidia daktari, ila haitoshi kuwa sababu ya kutoa dawa bila ya kumwona mgonjwa.

Upo mfano mmoja unaoonesha jinsi hasara inavyoweza kutokana na tarakimu moja tu. Ng'ombe anayehitaji kuhimilishwa, yaani kupandishwa kwa mbegu zilizohifadhiwa badala ya dume, hushika mimba akipatiwa huduma hiyo kwa wakati wake. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo, na aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi ya kesho yake. Saa inayohesabiwa ni ile ambayo ng'ombe alionekana kwa mara ya kwanza akisimama tuli kupandwa na wenziwe.

Sasa mfugaji aliyemwona ng'ombe wake saa 12 za asubuhi, akakamua, akapeleka maziwa sokoni, na akapiga simu saa 8 za mchana, karani akiandika saa 8 tu atakuwa ameandika saa ya simu. Mtaalamu atapanga safari ya kesho asubuhi, na atafika akiwa amechelewa. Ng'ombe huyo hatoonesha joto tena mpaka zipite siku zipatazo 21. Mfugaji atamlisha wiki tatu zaidi bila ya faida, na ndama na maziwa yake vitachelewa kwa muda huo huo. Kwa hivyo maswali ni mawili, na yote mawili yaandikwe: umepiga simu saa ngapi, na ulimwona saa ngapi? Tena ni vyema kutaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwani saa za Kiswahili na za kizungu huwachanganya watu.

DAFTARI NA KADI

Daftari la mapokezi ni kumbukumbu ya kituo na ni macho ya Serikali. Kuku wakifa katika nyumba tatu za shehia moja kwa wiki moja, mwenye kuona mwanzo ni yule anayeandika majina na shehia zao katika ukurasa mmoja. Karani anayesoma ukurasa wake wa jana kabla ya kufungua wa leo huweza kuutambua mlipuko wa mdondo kabla haujaenea, akamjulisha daktari. Anayeandika "kuku mgonjwa" bila ya shehia hulinyima daftari faida hiyo.

Aidha, kila mnyama mkubwa awe na kadi yake, na kila mara ielezwe siku, ugonjwa, dawa, kipimo na jina la aliyehudumia. Mwandiko usomeke. Kadi huweza kusomwa na daktari mwengine miezi sita baadaye, usiku, kwa mwanga wa kurunzi.

MALIPO

Panapohusika fedha ndipo panapozuka ugomvi mwingi, na sababu yake kubwa ni kimya. Bei za huduma zibandikwe mahala panapoonekana. Mfugaji aelezwe gharama kabla ya kazi kuanza, na pale ambapo kiwango hakijulikani aambiwe kiasi cha chini na cha juu. Ikiwa tiba ni ghali kuliko thamani ya mnyama, aambiwe hivyo kwa upole na aachiwe aamue. Kila malipo yatolewe stakabadhi, hata mfugaji asipoidai. Stakabadhi humlinda mlipaji, na humlinda karani zaidi.

Ikitokea kuwa mfugaji hana fedha na mnyama yumo hatarini, karani asimrudishe kwa uamuzi wake mwenyewe. Ampeleke kwa daktari au mkuu wa kituo, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuamua.

MAELEZO YA DAWA

Mfugaji hupokea maelekezo ya dawa akiwa amechoka na akili yake iko kwa mnyama. Ni kawaida kuitikia "ndiyo" kwa kila anachoambiwa. Njia ya kuhakikisha ni kumwomba aeleze mwenyewe atakavyofanya: "Hebu nambie, mzee, kesho utampa kiasi gani na saa ngapi?" Akikosea, arekebishwe bila ya kuaibishwa. Vipimo vitolewe kwa bomba lenye alama, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani.

Mambo yafuatayo yasisahauliwe:

(a) Muda wa kusubiri. Dawa nyingi, hasa za antibiotiki, hubakia katika maziwa na nyama kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo. Siku hizo huhesabiwa kuanzia sindano ya mwisho, si ya mwanzo. Kuchemsha maziwa hakuziondoi dawa hizo kwa uhakika. Anayeyanywa huweza kudhurika ikiwa mwili wake haupatani na dawa hiyo, na vijidudu huzoea dawa hata zikashindwa kutibu watu na wanyama. Tarehe ya kuruhusiwa kuuza maziwa au kuchinja iandikwe kwenye kadi kwa tarakimu kubwa. Swali hili lisisitizwe zaidi inapokaribia Idd na misimu ya harusi.

(b) Dawa za kupe. Dawa hizi ni sumu. Zisipimiwe katika chupa za soda wala za maji ya kunywa, hata mfugaji akiomba sana, kwa kuwa watoto huzinywa kwa kudhani ni kinywaji. Mchanganyiko ufuate lebo: ukiwa hafifu kupe huizoea dawa, ukiwa mkali humdhuru mnyama na anayemwogesha.

(c) Chanjo. Mfugaji anayekuja na kuku aliyekwishaugua mdondo akitaka chanjo aelezwe kuwa chanjo humkinga aliye mzima na haimtibu mgonjwa. Aelekezwe kutenga wagonjwa, kufukia mizoga, na kurejea kwa chanjo kwa wakati utakaopangwa na daktari.

HABARI NZITO NA SIRI

Mnyama akifa, habari itolewe na daktari au mtu mwenye dhamana, mahala pa faragha, kwa maneno yaliyo wazi. Karani asimwambie mtu kupitia dirishani mbele ya watu kwamba ng'ombe wake amekufa. Wala asimpe matumaini yasiyokuwepo kwa kumwonea huruma, kwani mfugaji atatumia fedha alizonazo kwa ajili ya tiba isiyofaa. Neno la pole, muda mchache wa kukaa, na maelezo ya namna ya kuuondosha mzoga kwa usalama ni haki yake. Mtu aliyepoteza paka wa nyumbani naye asiambiwe kuwa paka wapo wengi.

Yaliyoandikwa daftarini ni amana. Mfugaji ambaye ng'ombe wake amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba huogopa maziwa yake kususiwa mtaani. Habari hizo zipelekwe kwa daktari na kwa wenye mamlaka ya kuzuia ugonjwa, na zisifike barazani. Kituo kisichotunza siri hukimbiwa, na ugonjwa unaofichwa ndio unaoenea.

WAJIBU WA MFUGAJI

Haki hizi zote zinafuatana na wajibu. Wafugaji wanaombwa kuja kituoni na kadi ya mnyama pamoja na chupa au karatasi ya dawa yoyote aliyokwishapewa. Kusema kweli juu ya tiba za nyumbani. Kumleta mbwa akiwa amefungwa kamba. Kutoa taarifa mapema, kabla mnyama hajalala chini. Na kuheshimu muda wa kusubiri hata pale ambapo mnunuzi wa maziwa yumo mlangoni. Yule anayeona hakuhudumiwa ipasavyo amwone mkuu wa kituo na kueleza malalamiko yake, akitaja siku na saa.

HITIMISHO

Meza, daftari, kalamu na kiti cha mgeni ni vifaa visivyohitaji gharama kubwa, na takriban kila kituo kinavyo. Kinachohitajika ni kuvitumia kwa utaratibu. Wakuu wa vituo wanakumbushwa kubandika orodha ya maswali na bei za huduma, kumfundisha kila anayekaa mapokezi, hata kwa siku moja, kutambua dalili za hatari, na kukagua daftari kila wiki. Makarani wanakumbushwa kwamba swali la kung'atwa liulizwe kwa kila mbwa, paka, ng'ombe na mnyama mwengine yeyote, kila siku, hata kama jibu limekuwa "hapana" mara mia. Jibu la "ndiyo" likipatikana siku moja, huenda likawa ni la mtoto ambaye bado ana wakati wa kuchanjwa.